Mgonjwa wa Kitabuni

Mishomoroni, Jumanne, baada ya tarawehe

Nimekosa tena, na kinachoniudhi ni kwamba sikukosa. Swali la mazoezi lilihusu mtu anayefika mchana, gego limeoza, hana homa wala uvimbe. Ang'olewe lini? Nikajibu: baada ya magharibi. Maelezo ya kitabu yanasema papo hapo.

Mjukuu wangu Rukia, anayenisahihisha, alicheka hadi akashika mbavu. "Babu, mgonjwa wa kitabuni hafungi!"

Kule Barawa, kila mwezi wa Ramadhani sikuwa nikimng'oa mtu jino mchana. Nani angekubali kumeza damu na saumu yake? Walivumilia, wakafuturu, ndipo wakaja.

Tangu vita vitulete huku nauza miswaki katika duka la shemeji, mimi niliyetibu meno ya mji mzima. Sasa ndipo baraza la madaktari wa meno limeniruhusu kufanya mtihani wa leseni, mara moja tu. Nikianguka, basi, nitazikwa muuza miswaki.

"Wape wanachotaka, Babu. Ukishapata leseni, fanya utakavyo."

Nimefuta jibu langu, nikaandika lao. Wallahi, hakuna gego lililowahi kunilemea mkono kama kulifuta jibu hilo.