Balozi Mstaafu Anaishi Sebuleni Kwetu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba uniharakishie maana Jumamosi haiko mbali, na nitangulize kusema kwamba sikuja kulalamika, mimi shukrani zangu ni nyingi kuliko matatizo, ila shukrani zenyewe ndizo zilizonifunga miguu, sijui nizifikishe vipi kwa mwenyewe bila kumwaibisha yeye na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mimi ni mke wa mtu, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka na foronya na vitambaa vya meza, kutwa nimesimama, na mume wangu alipopoteza kazi baada ya ghala alilokuwa akisimamia kufungwa, kodi ilitushinda tukahamia kwa baba yake, ambaye alifiwa na mkewe zamani na ni fundi mstaafu wa mitambo ya kuchapia magazeti. Mshauri, baba mkwe wangu ni bubu mwenye ulimi. Asubuhi namwamkia shikamoo, anajibu marahaba, na hiyo ndiyo hotuba yake mpaka jioni, akiona umeme umekatika hasemi, akifurahi hasemi, na mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya kelele nilidhani hanitaki.

Mwenzangu wa kazini, yule anayekunja mashuka ninayonyoosha, akaniona ninavyokonda akaniingiza kwenye kundi la simu linaloitwa Umoja wa Mataifa Yaliyochoka. Humo hakuna anayetumia jina lake wala namba ya mtu haionekani, kila mtu ni nchi au ofisa wa nchi, na sheria ni moja tu, maisha ya nyumbani kwako uyatangaze kama habari za dunia. Yumo Nesi wa Zamu, ambaye hutangaza kwamba mazungumzo ya amani kati yake na mtoto wake kuhusu kuoga yamevunjika na upande mmoja umekimbilia chini ya kitanda. Yumo Dereva wa Lori, aliyempenda dada mmoja muuza tiketi, kundi zima tukamtungia ujumbe wa mapenzi, "tangu nikuone usingizi umenihama," naye kwa haraka akautuma kwa bosi wake, bosi akajibu, "Vizuri, basi utaendesha usiku." Na yumo Balozi Mstaafu, huyu ndiye anayetuletea habari za kweli za dunia na kuzitafsiri, siku kila mtu alipokuwa analia na bei ya mafuta aliandika kwamba nchini kwake akiba ya mafuta ya kupikia imebaki vidole viwili na wananchi wanaombwa kuanza kupenda vya kuchemsha.

Mimi ni Nchi Ndogo, kwa sababu naishi ndani ya mipaka ya mwingine. Habari zangu nyingi, Mungu anisamehe, zilikuwa za baba mkwe, niliyemwita Rais wa Maisha wa Sebuleni, nikatangaza kwamba ametia saini amri ya kutobadilisha kituo cha televisheni mpaka taarifa ya habari iishe, na kwamba taarifa ikiisha amri inaendelea. Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni Balozi. Tena alikuwa ananiongezea, "Huyo rais wako nadhani hata rimoti analala nayo chini ya mto," na kweli alikuwa analala nayo, nikawa nastaajabu, nikasema wazee wa dunia nzima ni kitu kimoja. Niliandika kuwa nchini kwetu maji ya bafuni yametangaza msimu wa barafu, na niliandika kuwa miguu yangu imewasilisha barua ya kujiuzulu, watu wakacheka, siku ikapita. Baba mkwe mwenyewe si mtu mbaya, nisimsingizie, hita ya bafuni aliitengeneza bila kuombwa, na siku moja nikakuta amenichongea stuli ndefu ya kukalia nikiwa jikoni, nilimshukuru akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Halafu mimba yangu ikaharibika. Nilirudi kutoka hospitali, na mume wangu hakusema neno, akachukua brashi akaanza kupaka rangi geti, akamaliza, akalipaka tena, na mimi nilikuwa dirishani namwangalia nikawaza, huyu mtu hana hata huzuni. Kwenye kundi niliandika tu, "Leo Nchi Ndogo haina habari, na mwenye nchi anapaka rangi geti." Wote walinipa pole, lakini Balozi alinitafuta pembeni, akaniandikia maneno ambayo mpaka leo nimeyahifadhi. Alisema yeye na marehemu mkewe walimpoteza mtoto wa kwanza, tena hata watoto wao waliofuata hawakuambiwa, na yeye siku ile alikosa la kusema akaenda kubomoa banda la kuku na kulijenga upya. "Nilikosa maneno," aliandika, "mke wangu akadhani nimekosa huzuni. Nilichelewa sana kumwambia. Nenda huko getini, mama, usimwulize kitu, simama naye tu."

Nikaenda. Nilisimama karibu yake, akaendelea kupaka, halafu brashi ikamdondoka akanishika akalia mpaka rangi ikatupata sote wawili. Mshauri, nakwambia, pale ndipo ndoa yangu ilipopona. Nilimwandikia Balozi asante akanijibu, "Serikali yangu imefarijika."

Sasa sikia. Jumapili iliyopita mchana nilikuwa jikoni nikatuma habari kwamba Rais wa Maisha amezindua soksi mpya na sherehe zitaendelea wiki nzima, kisha nikachukua trei ya chai kupeleka sebuleni, na nilipofika kwenye korido nikasikia mtu anacheka, kicheko cha kutoka tumboni, nikajiuliza ni mgeni gani huyu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa baba mkwe, peke yake, ameinua miguu anaziangalia soksi zake, anafuta machozi. Kisha akashika simu, akaandika kwa kidole kimoja polepole, na simu yangu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. "Balozi anapongeza uzinduzi na anaomba picha." Nilirudi jikoni na ile chai nikainywa mimi mwenyewe vikombe vyote viwili.

Tangu siku hiyo sijaandika chochote kundini. Mume wangu amepata kazi nyingine, mwisho wa mwezi tunahama, na papo hapo Nesi wa Zamu ameitisha mkutano mkuu, wanachama wote tuonane ana kwa ana Jumamosi kwenye mgahawa ulio karibu na hospitali yao, na Balozi amethibitisha kuhudhuria. Jana baba mkwe ameniletea shati lake jeupe nimpigie pasi, nikamwuliza, "Unasafiri, Baba?" Akasema, "Jumamosi." Basi. Sijui niumwe siku hiyo, sijui nijitoe kwenye kundi kimyakimya, au nimwambie mume wangu, ambaye anajua nina kundi la vichekesho lakini hajui baba yake yumo, wala hajui habari ya yule mtoto wa kwanza. Nikinyamaza nitahama nyumba ile bila kumshukuru mtu aliyeniokoa. Nikisema, nitamtazamaje usoni mkwe niliyemwita dikteta wa rimoti? Nisaidie.

Ni mimi, Nchi Ndogo.

*

Nchi Ndogo, binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa kutafuta mahali ulipovuta pumzi. Pole kwa msiba wa mimba. Na hongera kwa ukweni uliobahatika kuupata bila kujua.

Sasa nikuseme kidogo. Wewe ni mpiga pasi, unaona mkunjo mdogo kwenye shuka la watu, lakini haya ya nyumbani kwako yamekupita. Unaandika maji ya baridi, hita inatengenezwa. Unaandika miguu inauma, stuli inachongwa. Hukuandika neno la mimba, Balozi akakujibu kwa habari ya mtoto. Unadhani fundi mstaafu alioteshwa? Mzee huyo anajua, tena anajua kitambo. Mtu anayejificha hampi mkwewe apige pasi shati la kwendea mkutano ambao mkwe naye amealikwa. Kwa shati lile alikuwa anakwambia, nawe ukamwuliza kama anasafiri!

Kwa hiyo hofu ya kumwumbua iweke chini. Hukumtukana, ulimtania kwa mapenzi, naye alikuwa anakupokea na kukuongezea. Kama angeumia, asingekuja kukutafuta pembeni siku uliyokosa habari. Lakini lile la geti ulikosea. Huzuni ya mumeo si ya kutangazia mataifa, hata yaliyochoka. Safari hii iliangukia mikono salama. Siku nyingine ingeangukia kwa mpayukaji.

Usiumwe Jumamosi. Usijitoe kwenye kundi. Na usithubutu kumshukuru kwa simu, maana simu imeshafanya kazi yake na sasa ni zamu ya mdomo. Kesho, mchana, mpelekee shati lake sebuleni, kaa, usisimame kama mhudumu, mwambie kwa maneno yasiyozidi pumzi moja kwamba ulikwenda getini na unamshukuru. Kuomba radhi kwa utani, mara moja inatosha, ukirudia utamfanya aanze kukubembeleza. Akinyamaza, nyamaza naye. Ulishajifunza namna ya kusimama na mtu asiye na maneno.

Habari ya mtoto wa kwanza si yako. Usiifikishe kwa mumeo hata ikikuwasha ulimi. Mwombe Baba amwambie mwanawe kwa kinywa chake, na kama hataki, imeishia hapo. Ila kuhusu kundi, mumeo aambiwe siku hiyohiyo na ninyi wawili mkiwepo. Siri kati ya mke na baba mkwe, hata iwe safi namna gani, ikigunduliwa na mwingine huchafuka njiani.

Na mkihama, msijidanganye kwamba mtaonana kwenye simu. Mzee atabaki na nyumba nzima peke yake. Panga siku ya kwenda, uende, na simu uiache kwenye mkoba.

Mshauri wako.

*

Jibu hilo tulimtumia Nchi Ndogo kabla ya Jumamosi. Haya ndiyo aliyotuandikia baadaye, nasi tunayachapa kwa idhini yake.

Mpendwa mshauri, nilifanya ulivyosema isipokuwa ile ya pumzi moja, nilianza kulia kabla sijafika katikati. Baba mkwe alilipokea shati, akaliweka magotini, akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Nilijua tangu ile barafu ya bafuni. Hakuna nyumba nyingine yenye maji kama yale."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ungeacha kuchekesha," akasema. "Na mimi tangu mama yao aondoke sikuwa nimecheka."

Nilimwomba radhi kwa urais, akasema urais amekubali kwa moyo mmoja ila soksi hazikuwa mpya. Jioni mume wangu aliporudi, Baba, kama nilivyomwomba, alimwita waketi barazani. Mimi nilibaki jikoni, sikusikiliza, ingawa nilitamani. Waliingia ndani wameshikana mabega, na mume wangu alikuja akaniinamia shingoni. "Kumbe nina kaka," akaniambia. Kisha mimi na Baba tulimweleza habari ya kundi, akacheka, halafu akanuna kidogo kwamba watu wawili wa nyumbani kwake wanachekesha na hakuna aliyemwambia.

Jumamosi tulikwenda wote watatu. Dereva wa Lori ni mwembamba kinyume na tulivyodhani, na alikuja na dada wa tiketi mwenyewe, ndiyo, yule yule. Nesi, ambaye kumbe ndiye aliyemwingiza Baba kundini alipokwenda kupima presha, akauliza kama sisi tumefahamiana mlangoni. Baba akasema, "Huyu ni mkwe wangu. Mimi ndiye Rais." Mshauri, Dereva alipaliwa na soda mpaka Nesi akalazimika kumpiga mgongoni kikazi.

Mume wangu aliomba kujiunga. Tulipiga kura, wote tukakubali, isipokuwa Baba aliyetumia kura ya turufu. Alisema mwanawe ni mtu mwema lakini hajui kuchekesha, akafanye kwanza mazoezi.

Tumeshahama. Kila Jumapili tunakwenda kwa Baba na simu nazifungia mkobani kama ulivyoamuru. Nakushukuru, mshauri, namshukuru yeye, nawashukuru wale wachovu wote. Jana mume wangu akiwa kazini alinitumia habari yake ya kwanza, eti "Serikali inatangaza kwamba serikali ina njaa." Haichekeshi hata kidogo. Niliisoma nimesimama kwenye meza ya pasi, nikacheka mpaka nikaketi juu ya mashuka safi ya watu.