Sura Iliyoshonwa Uzi

Boko Basihaya,
Dar es Salaam,
3 Juni.

Kwako dada yangu Bupe,

Shikamoo dada. Najua barua huanza na kuulizana hali, lakini naogopa nikianza na habari za mvua nitaishia hukohuko kwenye mvua. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama wala mchungaji. Nilikabidhiwa kitabu ambacho sura yake ya mwisho ilikuwa imeshonwa uzi, nikaahidi mbele ya watu kwamba sitaufumua, nikaufumua. Hilo ndilo dogo. Kubwa lipo mbele na nitalifikia, naomba usiniharakishe.

Sasa nikusalimu ipasavyo. U hali gani huko Ileje? Baridi ya mwezi huu imekuachaje kifua? Wanafunzi wako wa darasa la pili wameshajua kusoma, au bado wanaimba tu yale wanayoyakariri? Huku Mama hajambo, ila miguu inamvimba akisimama sana kazini. Mimi mwili ni mzima. Matokeo yangu unayajua na Mama ameacha kuyataja, jambo ambalo naona ni baya kuliko alipokuwa akiyataja. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu tunatumia moja, na Mama husoma kila kinachoingia na kinachotoka.

Nilikwambia Krismasi kwamba nimeanza kwenda kwa Mwalimu Yuliana, yule mstaafu wa nyumba yenye geti la bluu, kusoma vitabu vya zamani. Sikukueleza vizuri. Kila Jumamosi baada ya saa tisa tunakaa barazani kwake watu wanne. Mwalimu mwenyewe ana mtoto wa jicho, haoni maandishi, ndiyo maana anahitaji wasomaji. Yeye anapenda hadithi za wasichana wa shule za bweni. Wa pili alikuwa Mzee Twalib wa Tegeta, karani wa mahakama mstaafu, ambaye yeye ni vitabu vya upelelezi tu. Wa tatu ni dada Mauwa, fundi cherehani wa pale karibu na mashine ya kusaga, aliyeishia darasa la saba. Wa nne ndiyo mimi.

Dada, natamani ungewasikia walivyokuwa wakigombana. Mzee Twalib alikuwa akisema kwamba katika vitabu vya Mwalimu uhalifu mkubwa kuliko wote ni sukari kuibwa kwenye tranka la mtu, na kwamba kila baada ya kurasa tatu lazima msichana alie chooni. Mwalimu naye humjibu kwamba afadhali wasichana wake wanalia, kwani wapelelezi wa Mzee hawali, hawafui, hawana mama, kazi yao ni kuvuta sigara na kuvunja milango ya watu wakati mlango una kitasa. Dada Mauwa alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa kipande cha kitambaa anachotembea nacho. Mimi sikuwa nasema kitu, ila nilikuwa nikisoma kwa sauti, na hakuna aliyeniambia nipaze zaidi kama darasani. Wakinyamaza kunisikiliza nilikuwa najiona mtu.

Sheria yao kwa vitabu vya upelelezi ni hii. Huchaguliwa kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, na kabla ya kuanza, dada Mauwa huishona sura ya mwisho kwa sindano na uzi mweupe, huku ameangalia pembeni ili asione neno. Kitabu hukaa kwa mtunzaji. Tukifika kwenye mshono, kila mtu huandika kwenye karatasi nani mkosaji, huikunja na kumkabidhi mtunzaji. Ndipo uzi hufumuliwa, na mtunzaji husoma mwisho. Mwezi wa pili walinichagua mimi niwe mtunzaji. Mzee Twalib alisema mtu asiyesema ndiye anayefaa kushika siri, na kwamba tangu siku hiyo nilikuwa karani wake msaidizi.

Kitabu cha zamu hiyo Mwalimu alikinunua kwa wauza mitumba. Kilikuwa hakina jalada, mtu alikibandika boksi mbele na nyuma, kwa hiyo hata jina lake hatukulijua. Tukakiita tu Kile cha Bwenini. Kiliwapatanisha wale wazee wawili, maana ni upelelezi uliotokea shule ya bweni ya wasichana. Matroni anakutwa amekufa ndani ya stoo ya mashuka, chai yake imetiwa dawa, na barua alizokuwa akizificha hazionekani.

Sasa kwa nini nilifumua. Dada, wewe hujawahi kufeli, kwa hiyo labda hutanielewa. Nilijua siku ya kufungua karatasi itafika, watasoma na yangu, na itakuwa imekosea. Nilitaka mara moja tu maishani nipatie mbele ya watu. Mchana mmoja wa mwezi wa tatu Mama akiwa kazini, nilichukua wembe nikakata uzi, nikijiambia nitaushona tena vilevile.

Nikakuta sura ile haina mwisho. Karatasi za nyuma zilikuwa zimechanika zamani, na lile boksi lilikuwa limebandikwa juu ya pengo. Mpelelezi anawakusanya wote kwenye bwalo la chakula, anasimama, anasema kwamba aliyefanya unyama huu yumo humu ndani, na hapo ukurasa unakwisha. Nilikaa chini sakafuni. Kuwaambia kwamba mwisho haupo ni kuwaambia kwamba nimefumua. Nilishona tena kwa mkono wangu, vibaya, nikakirudisha kabatini.

Mwezi wa nne, tulipokuwa tumefika kwenye mshono, Mzee Twalib akaugua moyo. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya kwake ilikuwa maji matupu, hivyo Mwalimu akanituma mimi nimpelekee salamu na nichukue karatasi yake. Ilikuwa Jumatano. Nilimkuta amelala ameinuliwa kwa mito, mkewe Bi Hamisa anampepea. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, akaniomba nimwandikie. Akasema mkuu wa shule, kwa sababu katika miaka yake thelathini na moja mahakamani amejifunza kwamba mwenye funguo zote ndiye mwenye kesi. Nikaandika, akatia sahihi. Kisha akasema nitoe kitabu nilichokuwa nacho kwenye mkoba, niufumue uzi sasa hivi, nimsomee, na Jumamosi atajifanya hajui. Alisema hivyo akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu.

Nilimwambia sheria hairuhusu, asubiri Jumamosi.

Bi Hamisa aliguna. Mzee mwenyewe akasema nina haki, karani hasomi hukumu kabla hakimu hajaketi, na kwamba mie ningefaa kweli kuwa matroni, ila nijihadhari na chai. Alicheka peke yake, akakohoa. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba alikuwa amenifungulia mlango. Ningefumua mbele yake, tungekuta wote pamoja kwamba mwisho haupo, ningejifanya nami nimeona siku hiyo. Au ningemwambia kweli, naye nadhani angenicheka tu. Niliogopa asije akauona mshono wangu uliopinda. Basi.

Alifariki Ijumaa alfajiri. Alizikwa siku ileile kwao Kigamboni, na sisi tukabaki na mjane. Sikulia. Watu walidhani ni aibu yangu ya kawaida.

Kabla sijaendelea nikueleze kuhusu dada Mauwa. Wiki ileile ya msiba nilipitia kwake kuchukua karatasi yake. Alikuwa na kazi ya sare za harusi, lakini aliacha cherehani, akafunga mlango nusu, akaninong'oneza kwamba safari hii amempata. Tangu aanze kuja hajawahi kupatia hata mara moja, na wale wazee humtania kwamba anashona mwisho asioujua. Akaniambia nikumbuke sura ya tisa, pale godoro la matroni linapokutwa limepasuliwa na kushonwa upya, na mwandishi anasema mishono yake ililala kinyume na ya magodoro mengine. Alichukua kitambaa na sindano, akashona pindo kwa mkono wa kulia, akahamisha sindano akashona kwa mkono wa kushoto, akaniwekea mbili hizo pamoja. Moja ililala huku, nyingine kule. Akasema aliyelishona godoro ni mtu wa mkono wa kushoto. Halafu akaniuliza kama nakumbuka sura ya tatu, mwalimu wa ushonaji alipoandika ubaoni wasichana wakamcheka.

Nilirudi nyumbani nikakagua. Sura ya tatu ilikuwepo, na ya tisa ilikuwepo. Mwalimu Yuliana alikuwa amemwandika mpishi, kama anavyomwandika mpishi katika kila kitabu, kwa kisasi cha maharage aliyoyala akiwa bwenini. Mimi nilikuwa nimeandika mlinzi bila sababu. Dada Mauwa peke yake ndiye aliyekisoma kitabu kile kama kilivyotaka kusomwa.

Kwa kuwa Bi Hamisa alikuwa eda na hawezi kutoka, Mwalimu aliamua mwisho tukausomee kwake, kumuenzi marehemu. Usiku kucha nilikuwa nikiwaza nijiokoeje, mpaka nikaamua niandike mwisho mimi mwenyewe. Niliandika kurasa mbili kwa kalamu, nikiuweka ukweli kama dada Mauwa alivyouona: mwalimu wa ushonaji, mkono wa kushoto, godoro, barua. Nikazichomeka ndani ya kitabu. Niliona huo si uongo mkubwa, maana mwandishi bila shaka alimaliza hivyohivyo.

Tulikaa ukumbini kwa Bi Hamisa, yeye amejitanda nguo nyeupe. Nilifumua uzi mwenyewe, haraka, mtu asiuangalie. Karatasi zikasomwa kwanza. Iliposomwa ya marehemu, Bi Hamisa akaanza kulia pasipo sauti. Akasema mpaka usiku ule wa Alhamisi Mzee alikuwa akiuliza hilohilo, kama kweli ni mkuu wa shule, na kwamba yule msichana mwenye kitabu amekataa kumwambia. Akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, dada, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniuliza kama alipatia.

Nikaanza kusoma. Nilisoma yaliyochapwa mpaka yalipoishia, nikaingia kwenye yangu. Na nilipofika pale palipoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe mwalimu wa ushonaji, mdomo wangu ukasema mkuu wa shule. Sikupanga. Baada ya hapo ikabidi nibuni sababu moja baada ya nyingine, funguo, wivu, barua, huku macho yangu yanapita juu ya maneno mengine kabisa. Nilikuwa nikikwama kila baada ya maneno machache, na wote wakadhani ni majonzi.

Bi Hamisa akainua mikono akamshukuru Mungu. Mwalimu Yuliana akasema alijua, yule mzee hata akiwa kaburini lazima awashinde. Wakaniita nimpe mjane ile karatasi yenye sahihi. Katikati ya hayo dada Mauwa akauliza taratibu, je, ule mshono wa godoro? Alikuwa ananiuliza mimi. Nikasema mwandishi hakuueleza. Mwalimu akasema waandishi wa upelelezi ndivyo walivyo, huwatupia wasomaji chambo. Dada Mauwa akatikisa kichwa, akacheka, akasema kumbe yeye amesoma nyuzi tu, kitabu hakukisoma.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata tena. Mwalimu alinituma nimwulize. Alinijibu kwa upole kwamba kazi zimembana, kisha akasema vitabu tuwaachie wenye vyeti. Dada, mimi cheti changu unakijua kilivyo.

Najua utaniambia niende nikamweleze. Nimeshakwenda. Juzi nilikwenda nimelikariri neno zima, nikakuta anampima mteja. Aliponigeukia nikatoa sketi yangu kwenye mfuko nikasema zipu imeharibika. Aliipandisha zipu, akaishusha, akaigeuza pindo, akaniambia mdogo wangu, hii mbona haina kitu. Nikasema ahsante, nikaondoka nayo. Na hata ningesema, ningefanya nini na Bi Hamisa? Kila mgeni anayekuja kumpa pole humwonyesha ile karatasi na kumsimulia jinsi mumewe alivyoitatua kesi ya mwisho akiwa kitandani. Nikimrudishia mmoja haki yake namnyang'anya mwingine faraja, na yule wa kwanza ananisalimia kila siku, wala hajui nimemchukulia nini.

Mama anakusalimu sana na anasema usiache kuvaa soksi. Mchungaji anauliza utakuja lini. Wasalimie walimu wenzako, na yule mama mwenye nyumba aliyekupa mbegu za njegere.

Barua hii ukishaisoma ichome. Usimwambie Mama, wala usinijibu kwa simu. Na kitenge chako cha kuvaa kwenye ubarikio kanisani najua utakileta Agosti, utampelekea dada Mauwa kwa sababu hakuna fundi anayemfikia. Atakupima, atakuuliza habari zangu, labda hata atakutania kwamba sisi wa familia yetu tunajua vitabu. Utaona huruma, dada, nakujua. Naomba usimwambie kwamba alipatia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Asifiwe