Kitanda cha Dirishani

Mpendwa mshauri, naandika barua hii nikiwa ghalani wakati wa mapumziko ya mchana, karatasi nimeiweka juu ya kopo la rangi, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika chochote bila mke wangu kuona, na akiona ataniuliza, na akiniuliza sitakuwa na jibu, kwa hiyo naomba unisamehe mwandiko na unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, maana mimi nimefika mwisho.

Mimi ni mtunza ghala katika kiwanda cha rangi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mke wangu ni fundi cherehani anayeshonea wateja wake pale sebuleni kwetu, na tulijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye tangu akiwa na miaka sita tulikuwa tukimpeleka kila mwaka, shule zikifungwa, kwenye korongo moja lenye msitu mzito, mwendo wa saa tano kwa basi, ambako kuna vibanda vya mbao vya kukodi, na sisi tulikodi kibanda kilekile cha mwisho kilicho karibu na maporomoko ya maji, tukakaa siku tatu tukitembea, siku ya kwanza njia fupi ya mtoni, siku ya pili njia ndefu ya kupanda hadi ukingo wa juu, siku ya tatu kuvuka daraja la kamba na kurudi. Binti ndiye aliyeshika ramani, hata mtunza vibanda wa kule akampa jina la Bibi Ramani, na mke wangu naye akaacha kuniita kwa jina langu, akawa ananiita Baba Ramani, nami nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na wazazi wangu. Njiani alitangulia yeye, akifika kwenye kona anasimama na kutungoja, na mimi nikitokea huku nahema ananiambia, "Baba, hao konokono wanakupisha kwa huruma tu."

Mwezi wa pili mwaka huu aliamka na homa, shingo imekaza, tukampeleka hospitali siku ya Jumatatu, na Ijumaa tukarudi nyumbani watu wawili. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Tangu hapo sisi tunaishi lakini sijui kama huku ni kuishi, cherehani inalia kuanzia asubuhi, mimi nikirudi kazini nakula, tunaulizana kama chumvi imetosha, tunalala. Shuleni alipiga simu mke wangu, ndugu zangu aliwaarifu yeye, na wateja wakija kuchukua nguo wakauliza binti yuko wapi siku hizi, anawajibu yeye, kwa kuwa mimi sina maneno, sikuwahi kuwa nayo. Kila Jumapili ananiomba nimsindikize makaburini, namsindikiza, ila mimi hubaki getini, namwambia magoti yananisumbua. Haniiti tena Baba Ramani, wala jina langu halirudii, haniiti chochote, akitaka kusema nami anaanza na neno lenyewe, chakula kipo, maji yamekatika, kuna mtu anakuulizia.

Sasa, mshauri, nilipoona shule zinakaribia kufungwa nilifikiri labda tukienda kule korongoni, tukavuta hewa ya msitu, tukatembea bila kusema kama watu wanavyotembea wakipanda mlima, moyo wake ungelegea na wangu pia, nikamweleza siku moja alipokuwa akishona, akakaa muda mrefu akichomoa nyuzi kwenye pindo, kisha akasema, "Panga." Neno hilo moja lilinirudishia uhai. Nilipanga kama ninavyopanga kazini, na kazini kwetu oda mpya haiandikwi kuanzia mwanzo, bali unachukua oda ya mwezi uliopita, unainakili yote kama ilivyo, halafu unaipitia kwa kalamu nyekundu ukikata visivyohitajika tena, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha wengine. Basi nikachukua nakala ya fomu ya mwaka jana ya kukodi kibanda na ile orodha ya vitu iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, nikanakili vyote, tochi, kamba, makoti ya mvua, chupa tatu za maji, jozi tatu za buti, watu watatu, nikaituma fomu. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Sikukata. Sisemi nilisahau na sisemi nilikusudia, mkono ulifika pale ukapita.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa jikoni napaka buti mafuta, mikono imejaa, simu ikaita, nikaibonyeza kwa kiwiko ikatoa sauti kubwa, na alikuwa mtunza vibanda. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Akasema fomu ameipata, watu watatu, siku tatu, kama kawaida yetu, kisha akauliza, "Bibi Ramani bado anakitaka kile kitanda cha dirishani, au amekua sasa?"

Nikasema, "Anakitaka."

Akacheka, akasema daraja la kamba limetiwa mbao mpya, kwa hiyo safari hii hana kisingizio cha kushikwa mkono, na nimwambie kwamba mchuzi atampikia sufuria ya peke yake bila vitunguu, maana amechoka kuviona vimepangwa mstari kwenye ukingo wa sahani kama askari. Nikasema, "Nitamwambia."

Sebuleni cherehani ilikuwa imenyamaza. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, hakulia, hakupandisha sauti, akasema, "Nenda na huyo uliyemwekea kitanda." Akarudi kwenye kazi yake. Jioni nilimsikia akizungumza na mama yake kwa simu, akimwambia kwamba siku nitakayopanda basi kwenda korongoni, yeye atapanda la kwenda kwao, na mizigo yake yote.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita, na zimebaki wiki tatu. Jumanne nilikuta zile buti za binti, zilizokaa nyuma ya mlango tangu mwaka jana zikiwa na udongo wa kule, zimewekwa juu ya mkoba wangu wa safari, zimefutwa na kufungwa kamba. Sijui maana yake. Ananikejeli, au ananiomba nizibebe? Sijamuuliza, ninaziruka tu kila nikipita.

Naomba uniambie nifanye lipi. Nifute safari? Niende peke yangu? Au nimwambie mtunza vibanda kwamba binti ana mitihani, kisha tuende wawili bila maswali? Na kama inawezekana, naomba uniandikie ujumbe wa kumtumia yule mtu, mfupi, wenye heshima, usiomshtua, maana kila nikijaribu kuuandika vidole vinakufa. Siwezi kurudi kwenye nyumba isiyo na sauti ya cherehani. Hiyo ikinyamaza nami nimekwisha.

Wako katika dhiki,
Mtunza Ghala

*

Mtunza Ghala,

Nitakuita kama ulivyojiandika, kwa kuwa lile jina jingine si langu kulitumia.

Pole. Nimezika, najua uzito wa ninachokisema, na sitakupa maneno matamu ya kuweka juu ya jeraha. Mtoto wa pekee hana mbadala, na safari haimrudishi mtu. Hilo ulijue kabla hatujaendelea, maana naona ulikuwa umeutwika msitu kazi ya daktari.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja. Nimekuta tochi, kamba, chupa za maji, konokono na vitunguu. Umenieleza jinsi oda inavyonakiliwa kiwandani kwenu. Kwamba binti yako amefariki, hukuandika. Mlirudi nyumbani watu wawili, basi. Hata mimi, nisiyekujua, uliniachia kazi ya kulisema.

Ndivyo ulivyomfanyia mkeo miezi yote hii. Nani aliwaambia walimu? Yeye. Nani aliwaambia ndugu zako, ndugu zako wewe? Yeye. Kila mteja anayeingia kuchukua gauni lake na kuuliza habari za binti, mkeo anaweka mkasi chini na kulisema tena neno lile, kisha anaokota mkasi na kuendelea. Wewe unaenda ghalani. Makopo ya rangi hayaulizi. Unasema huna maneno, lakini ulipoulizwa na mtunza vibanda ulikuwa nayo: "Anakitaka", "Nitamwambia". Maneno yalitoka bila shida, ila yalikuwa ya uongo, na mama wa marehemu akiyasikia.

Unadhani alikasirika kwa sababu uliandika watu watatu? Sidhani. Mkono wa mzazi kupita pale bila kukata, hilo naamini hata yeye analielewa kuliko unavyofikiri. Hajakutana na mtu mwingine yeyote duniani ambaye mkono wake ungepita vile. Alichoshindwa kukivumilia ni kusimama kwenye mlango wa jiko lake na kusikia kwamba, hata hapo ulipoulizwa wewe mwenyewe, kulisema ni zamu yake tena.

Tena umemkosea mtu wa tatu. Kuna mtu mzima huko korongoni anayepigilia mbao mpya darajani na kuweka sufuria kando kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuzikwa. Miaka kumi alimpikia. Alistahili kuambiwa mwezi wa pili. Unataka umwambie binti ana mitihani? Na mwaka ujao utamwambia nini, kwamba ameolewa?

Ujumbe sitakuandikia. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, rudi nyumbani moja kwa moja. Kaa sebuleni, si jikoni, karibu na cherehani. Mwambie mkeo, "Nampigia mtunza vibanda." Usimwombe ruhusa na usimwombe akusaidie. Piga simu ikiwa na sauti kubwa kama ile siku, kisha sema: "Binti yetu amefariki." Ni maneno matatu. Usiseme hayupo, usiseme ametutangulia, usiseme kulitokea tatizo. Ukimaliza, mwache yule mtu alie kama atalia, na ngoja kwenye simu hadi amalize. Mwombe radhi kwa uongo wa siku ile. Ikiwa sauti yako itakatika, ianze sentensi upya. Usimpe mkeo simu, hata akinyoosha mkono.

Jumapili, ingia getini. Magoti yaliyopanda hadi ukingo wa korongo miaka kumi yanaweza kufika kaburini.

Kuhusu buti: unaniuliza mimi maana yake? Mimi sijui, wewe hujui, na anayejua mnakula naye meza moja. Muulize. Jibu huenda likawa chungu. Litakuwa jibu lake hata hivyo, na wewe utakuwa umeuliza, jambo ambalo kwa miezi yote hii hujalifanya.

Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Mwanamke aliyebeba peke yake mzigo wa watu wawili anaweza kufika mahali asitake hata kushukuriwa. Akiamua kwenda kwa mama yake, mbebee mizigo hadi kituoni, usimlaumu mbele ya abiria, mwambie kwamba utamfuata Jumapili itakayofuata kumsindikiza makaburini, na ufike. Akikataa kukuona siku hiyo, nenda kaburini wewe mwenyewe, kisha umfuate tena Jumapili nyingine.

Na hiyo safari yako, ifute leo. Ile fomu usiipitie kwa kalamu nyekundu, maana humo hamna mtu wa kukatwa. Itupe, uombe fomu tupu, uijaze kuanzia juu kama mtu ambaye hajawahi kwenda huko. Ile orodha ya kabatini iache ilipo, ila usiinakili tena. Kama mtaenda, mwaka huu au mwaka mwingine, iacheni njia ndefu ya ukingoni na lile daraja. Njia fupi ya mtoni inatosha, na mnaijua, haihitaji ramani. Kitanda cha dirishani kitakuwa kitupu. Kitakuwa kitupu mkiwa kule, na kitakuwa kitupu mkiwa nyumbani, na hakuna kibanda utakachokodi ambacho hakitakuwa nacho.

Kwenye fomu kuna sehemu ya idadi ya watu. Hiyo usiijaze. Iweke fomu juu ya meza ya cherehani, na kalamu kando yake, uende ukakae mahali anapoweza kukuona. Atajaza wawili, au atajaza mmoja, au ataipitisha wiki nzima bila kuigusa. Wewe kaa.