Gari lililoparamia banda la kuku

Shoga, mama wa nyumba ya pili anautangazia mtaa mzima kwamba gari letu limeruka lenyewe likaparamia banda lake la kuku. Lenyewe! Eti ameona kwa macho yake, gari lina shetani.

Shetani ni mume wangu.

Si unakumbuka alivyosema otomatiki ni gari la kike? Nimeanza tu kuliendesha kwenda sokoni, akamwita fundi ang'oe giaboksi, aweke ya gia za mkono. Gari zee, lakini halijawahi kutulaza njiani. "Sasa tuone nani atalichezea," akasema.

Leo asubuhi kajipiga shati la kazini, miwani ya jua juu. Jana aliliacha kwenye gia. Kawasha bila kukanyaga klachi, ile pedali ya mguu wa kushoto! Gari likaruka, kuku wakaruka, jirani akaruka. Akawasha tena. Bila klachi TENA! Banda likamaliziwa.

"Fundi kaniharibia gari," anasema. Fundi!

Mimi niko kiti cha pembeni, nauangalia mguu wake wa kushoto umelala kama mgeni aliyeshiba. Wewe unajua nilivyokuwa naendesha pikapu ya mjomba kabla sijaolewa, gia za mkono zile zile. Yeye hajawahi kuuliza.

Nikamwambia taratibu, "Baba watoto, nipishe kwenye usukani nilitoe."

Nakuandikia bado tumo humu ndani. Kashika ufunguo kwa mikono miwili, hauachii, na watu wanazidi kujaa getini.