Walimu Waliofika Kabla ya Kufika

Kamina, Jumapili tarehe 25 Oktoba 1998

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa furaha inayonisukuma mkono hata herufi zangu zimelala upande. Nisamehe, maana najua husomi barua yenye mwandiko mbaya bila kuguna. Habari za hapo Luena? Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie mafuta aliyoomba nimeyapata, nimeyafunga pamoja na barua hii. Na wewe mwenyewe, Papa, unakula vizuri? Kifua kimetulia? Huku mvua imeanza kunyesha tangu Jumatano ya wiki iliyopita, vumbi jekundu limelala, na watu wameanza kupanda mahindi hadi kwenye mitaro ya barabara. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si kwa ugonjwa wala kwa njaa.

Habari kubwa ndiyo hii: Chuo chetu cha Wamethodisti kimefunguliwa. Jumatatu tarehe kumi na mbili, saa moja na nusu asubuhi, kengele ililia, na wanafunzi sitini na mmoja walikuwa wamesimama kwa mistari kwenye uwanja, wengine bila viatu, wote wakiwa na madaftari. Niliwahesabu mara mbili kutoka dirisha la sekretarieti. Mara ya pili nilishindwa kumaliza, kwa sababu ya machozi, na wewe unajua silii ovyo.

Ili uelewe furaha hiyo, lazima nikueleze Septemba ilivyokuwa. Vita vilipoanza mwezi wa nane, treni zilichukuliwa kubeba askari, na Direkta Timothée, aliyekuwa amekwenda Lubumbashi kutafuta karatasi za Chuo, akakwama kulekule. Walimu wakatawanyika. Mwalimu Abdias, yule wa Kifaransa, alikwenda Mulongo kwa wakwe zake akawa mkausha samaki. Mama Julie wa biolojia alibaki hapa mjini, lakini alikuwa shambani kutoka asubuhi mpaka jioni, akasema mihogo yake inamsikiliza kuliko wanafunzi. Nilibaki peke yangu na funguo kumi na nne. Kila asubuhi nilifungua sekretarieti, nikapangusa mashini ya kuandika, nikakaa. Niliwaza sana siku zile, Papa. Nilijiuliza kama chuo ni nyumba, au ni watu, au ni desturi tu ya watu kuja mahali pamoja saa moja na nusu.

Halafu akaja kamanda mmoja na askari wawili. Hakuwa mkali, nisimsingizie. Alisalimu vizuri, akavua kofia, kisha akapima madarasa kwa hatua zake, moja moja, huku askari mmoja akiandika. Akaniambia ana watu mia mbili wanaolala chini ya maturubai na mvua inakaribia. Akasema nyumba yenye haina bantu inaita bantu, yaani isiyo na watu huita watu. Nikamwambia masomo yataanza. Akauliza lini. Nikasema mwezi wa kumi. Akaangalia viti vilivyojaa vumbi, akatabasamu, akasema atarudi tarehe kumi na mbili ya mwezi huo: akikuta mwalimu anafundisha atapiga saluti na kwenda zake, akikuta buibui ataleta watu wake. Papa, sisi wote tunajua nyumba zilizoingiwa na askari wakati wa vita. Hata wakiondoka, mbao za viti zimekwisha kuwa kuni.

Siku hiyohiyo nilikwenda shambani kwa Mama Julie. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe, akajibu kwamba angerudi hata kesho, lakini hawezi kufundisha peke yake kama kichaa. Wenzake wakirudi, naye atarudi. Nikamwandikia Abdias kwa mkono wa wauza samaki wa baiskeli. Jibu lake lilikuwa lilelile: Habari za Chuo zikitoka, na zikisema wengine wapo, atakuja. Unaikumbuka karatasi ile. Kila mwaka, kabla ya masomo, Direkta hutoa Habari za Chuo, ukurasa mmoja wa kuwajulisha wafanyakazi ni nani amerudi, nani amepewa kazi gani, nani amezaa, nani amefiwa. Husomwa kanisani Jumapili, hubandikwa kwenye mlango wa duka la Mzee Dunia, na wafanyabiashara huibeba mpaka Mulongo na Kinkondja. Bila karatasi ile hakuna anayefungasha mzigo. Nikaona kwamba kila mtu alikuwa tayari kuja wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuja wa kwanza.

Basi, Papa, karatasi ikatoka. Ilisomwa kanisani tarehe ishirini Septemba, ikiwa na sahihi ya Direkta na mhuri wa Chuo. Utauliza ilitokaje Lubumbashi wakati treni hazipiti. Nitakuambia, lakini niache kwanza nifurahi.

Karatasi ilisema masomo yanaanza tarehe kumi na mbili Oktoba. Ilisema pia kwamba Mwalimu Abdias amekwisha kurudi kutoka Mulongo. Sasa sikia. Nakala ilifika Mulongo, na pasta wa kule akasimama kuisoma baada ya mahubiri. Alipofika kwenye mstari ule, kanisa zima liligeuka kumtazama Abdias, aliyekuwa ameketi benchi la tatu na harufu yake ya samaki. Mkewe akamuuliza kwa sauti kama yule wa Kamina ni mume mwingine. Abdias anasimulia mwenyewe kwamba alitoka nje akiwa na aibu na hasira, akakaa juu ya mtumbwi, akajiambia: kama Chuo inasema miye niko Kamina, miye niko nafanya nini huku? Jumatatu akapanda baiskeli. Alifika hapa siku ya saba, miguu imevimba, kapu la samaki nyuma, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia, Mwalimu, tulisikia umefika.

Karatasi ilimshukuru pia Mzee Dunia, yule mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Maniema, kwa kutoa mabati ya kuziba darasa la tatu. Mzee Dunia aliisoma mlangoni pake mwenyewe, miwani juu ya paji la uso, halafu akaisoma tena miwani ikiwa machoni. Alisema alikuwa hajui kama yeye ni muntu muzuri namna hiyo. Lakini wamama sokoni walikuwa wamekwisha kuanza kumbariki, na imamu naye akampongeza siku ya Ijumaa, akisema ni vizuri Muislamu kuezeka shule ya Wamethodisti. Jumamosi yake mabati kumi na mawili yalifika kwa mkokoteni. Mzee Dunia alikuja nayo, akaniambia kwa upole kwamba mwaka ujao, kabla sijamshukuru, nimuulize kwanza ana mabati mangapi.

Na Mama Julie! Karatasi ilisema amekubali kuwa mkuu wa masomo, kazi ambayo ameikataa miaka mitatu mfululizo. Alikuja sekretarieti na udongo wa shamba kwenye vidole, akataka kujua amekubali lini na mbele ya nani. Nikamsogezea kiti. Akachukua ratiba iliyokuwa mezani, akaisoma akiwa amesimama, akasema imepangwa na mtu ambaye hajawahi kufundisha saa sita kwa njaa, akaomba kalamu. Hajairudisha kalamu hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo kamanda aliporudi tarehe kumi na mbili, hakukuta buibui. Alisimama nje ya darasa la tatu, chini ya mabati mapya, akamsikiliza Mama Julie akieleza moyo wa chura. Mama Julie alimwona, hakunyamaza. Alimwambia kama anataka kusikiliza aingie aketi, maana kusimama mlangoni kunazuia mwanga. Kamanda akaingia, Papa! Akaketi dakika kumi, kofia mapajani. Alipotoka alipiga saluti, akaniuliza kama orodha imejaa, kwa sababu mke wake ana diploma ya sekondari na anachoka kukaa bure. Ndiye mwanafunzi wa sitini na mbili. Askari wake wamepewa bohari za zamani karibu na stesheni.

Sasa lazima niandike yale niliyokuwa nayazunguka.

Direkta hakutuma karatasi yoyote. Unajua desturi ya ofisi zetu: mkubwa akisafiri, humwachia sekretere karatasi tupu alizozitia sahihi na mhuri mapema, ili kazi isisimame. Aliniachia tatu, kwa ajili ya walimu watakaohitaji barua ya njia kwenye vizuizi. Mbili zilitumika hivyo. Ya tatu niliichukua mimi. Niliipandisha kwenye mashini saa nne asubuhi, mlango wazi, nikaandika juu ya sahihi yake mambo ambayo hayakuwepo. Sikuwa na karatasi ya kukosea, basi sikukosea hata herufi moja, na hilo linanitisha zaidi. Ulinifundisha tangu utoto kwamba karatasi haina uso wa kuona haya, kwa hiyo anayeandika aone haya kwa niaba yake. Niliona haya. Niliandika hata hivyo.

Direkta amerudi Jumanne iliyopita, juu ya behewa la magunia, mweusi kwa moshi. Aliisoma karatasi kwenye mlango wa Mzee Dunia kabla hajafika nyumbani. Alipoingia sekretarieti nilisimama, nikasema yote kabla hajauliza. Hakupiga kelele. Alisema nilichukua mkono wake nikautuma kazi bila yeye, na kwamba kama mambo yangekwenda vibaya ungekatwa mkono huo, si wangu. Papa, hilo sikuwa nimelifikiria. Niliwaza Chuo, niliwaza kamanda, sikuwaza mzee yule kwenye mahabusu kwa maneno yangu. Nililia mbele yake.

Adhabu yake ilikuwa kwamba nisimame Ijumaa mbele ya wafanyakazi wote niseme kwa mdomo wangu. Nikasema. Halafu Mama Julie akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu Direkta hajawahi kuandika sentensi inayoisha, wala kufungua tangazo bila kuishukuru Serikali, wazazi na hali ya hewa. Abdias akacheka mpaka akashika meza. Direkta alijaribu kukunja uso, akashindwa. Lakini walipokwisha kucheka aliinuka, akasema sahihi yake haitabaki chini ya uongo. Kila mstari wa karatasi ile uwe kweli kabla mwezi huu haujaisha. Usiokuwa kweli, nitausahihisha mwenyewe, kwa sauti, kanisani, tarehe mosi Novemba.

Papa, yote yamekuwa kweli isipokuwa mstari mmoja ambao sijakuambia. Naunakili kama ulivyo: "Mwalimu Abner Kalala amekubali kurudi kufundisha hesabu mwaka wa kwanza, na atafika kabla ya mwisho wa Oktoba."

Ndiyo. Niliandika jina lako. Nilikuwa nikitafuta jina moja ambalo watu wakilisikia wataamini kwamba Chuo kitafunguliwa kweli, na sikupata lingine. Mama Julie anakiri alipolisikia kanisani ndipo alipoweka jembe chini. Nusu ya wanafunzi wamekuja kwa sababu wazazi wao walifundishwa na wewe.

Ninajua kwa nini uliacha. Nilikuwa nawe stesheni mwaka 1993, siku wanafunzi wako wenye asili ya Kasai walipopakiwa kwenye mabehewa na kufukuzwa, na wewe ukasimama ukiwaita majina, mmoja mmoja, kama asubuhi darasani, na wao wakiitika kutoka juu. Ulirudi nyumbani ukasema hutaita tena orodha ya watu wanaoweza kuchukuliwa. Sikuwahi kukubishia. Sasa nakubishia kwa mara ya kwanza, na kwa barua, kwa sababu mbele yako nisingeweza. Mwezi huu tulikaribia kuchukuliwa, na hatukuchukuliwa, kwa sababu kila mmoja aliambiwa kwamba wengine wapo.

Ratiba ya Mama Julie imekuwekea Jumanne na Alhamisi, saa nne. Jumanne ya kwanza nilikwenda kuwaambia waende nyumbani. Walikataa. Walisema karatasi inasema hapa kuna hesabu. Wanakaa saa nzima, wanaulizana jedwali la kuzidisha, na kiongozi wa darasa huandika tarehe ubaoni kisha huacha chaki kwenye meza yako.

Usipokuja, Papa, sitakulaumu. Nitasimama kanisani niseme kwamba Mwalimu Abner hakukubali kamwe, kwamba ni binti yake aliyesema kwa niaba yake. Nimekwisha kujizoeza kulisema. Nisamehe kwa kuiba jina lako. Kwa kulihitaji sitaomba msamaha.

Nisalimie Mama sana, na jirani zetu wote wa kambi ya reli. Mwambie Mama nampenda, na kwamba nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na haina ngazi za kuumiza goti. Bwana awalinde nyote. Treni zimeanza kupita tena, na hapo kwenu inapita Ijumaa asubuhi.

Mimi binti yako anayekuheshimu na kukungoja,

Agar Mbombo