Mutuliza-maji wa Nyangwe

Dada Zaina, huko Kasongo mulilala vizuri? Mimi huku Nyangwe niko muzima, lakini haya inanikula.

Mama mukubwa aliniuliza kazi yangu. Nikamujibu: natafutaka kwa hesabu kama maji yenye kuchemka mu tiyo, ile bomba ya chuma, ikianza kutikisika, itatulia ao itazidi. Akatangazia soko yote: "Huyu anatulizaka maji!"

Leo tulikuwa mu mutumbwi, muto Lualaba ikachafuka. Mama mumoja akaniwekea mutoto wake pa magoti: "Papa, tuliza." Nikafunga macho kwa woga, ata kuogelea sijui. Maji ikatulia yenyewe. Wakanichinjia kuku. Nikaikula.

Ubusu watoto wako. Na uniombee nguvu ya kusema kweli: kesho wanataka kuvuka ata upepo ikiwa kali, sababu mimi niko.

Ndugu yako, Saidi