Ncha ya Mrija Imeishia Wapi?

Alhamisi, 13 Machi 2025. Mvua imekatika, joto limebaki. Ni miaka sitini na minane tangu tutoke Nyarero, kule Tarime, kwa miguu, baada ya ng'ombe wetu wote kuibwa.

Leo sikumwamini mtu.

Asubuhi daktari alinipitishia mrija chini ya mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua, kwenye mshipa mkubwa unaoelekea moyoni. Ndimo itakamopita dawa ya saratani, maana mishipa ya mikono yangu imeshaungua. Alipomaliza alivuta damu kidogo kwa bomba la sindano. Nilikaza macho. Ilikuwa nyeusi, ikaja taratibu.

Damu ya namna hiyo ninaijua. Miaka ile ya hamsini baba alimfunga ng'ombe kamba shingoni mpaka mshipa ukavimba, kisha akaupiga kwa mshale mfupi, tupate damu ya kuchanganya na maziwa. Ikitiririka nyeusi, alitulia. Ikitoka nyekundu na kurukaruka, alijua amekosea mshipa, akagandamiza jeraha kwa kidole na kuita watu.

Kwa hiyo nesi aliposema dawa haitundikwi mpaka nipigwe eksirei, nilihisi nafichwa jambo. Labda dawa imekwisha. Labda ugonjwa umesambaa na wanatafuta wa kuniambia.

"Damu si mmeiona?" nilimwambia. "Nyeusi, hairuki. Mmeingia penyewe. Tundika dawa."

"Shikamoo tena, baba. Udaktari umesomea wapi?"

"Kwa ng'ombe."

Alicheka mpaka akashika kitanda. "Sasa ng'ombe wenu mliwawekea mrija? Damu inasema tumeingia mshipa gani. Haisemi ncha imeishia wapi."

Nilinuna. Nikapigwa picha.

Waliitazama wakinong'ona, migongo yao kwangu. Nikadai nione mwenyewe. Daktari alisita, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Uzi mweupe uliingia chini ya mtulinga, halafu, badala ya kushuka, ulipinda ukapanda shingoni kuelekea sikio.

Nimebisha maisha yangu yote, na mara nyingi nimeshinda. Leo ningeshinda, dawa inayochoma kama ile ingemwagwa kwenye mshipa wa shingo.

Waliurekebisha. Picha ya pili inaonyesha ncha imekaa juu kidogo ya moyo, na dawa imeanza kudondoka. Bado nawashuku. Kwa nini walinong'ona? Nimemwambia nesi kwamba kila mrija huu utakapoguswa, nitataka picha, na niione.

"Utaiona, baba," alisema. "Wewe utatufanyia usaili wa kazi upya, sisi wote."

Jioni alipiga simu kutoka Nyarero Marwa, mtoto wa marehemu mdogo wangu aliyerejea huko ukubwani.

"Baba mkubwa, hao wanakufanyia majaribio tu. Rudi nyumbani, tukutunze sisi. Eneo la kujenga nyumba yako tumeshalisafisha."

Nimelisubiri neno hilo tangu utoto.

Lakini mrija huu lazima usafishwe kila wiki na mtu anayeujua, na ukihama, lazima pawe na mashine ya kuonyesha umehamia wapi. Kijijini hakuna. Na mimi bado nataka kuishi.

Nikamwambia apande mahindi pale waliposafisha.

Sitarudi Nyarero.